Kulia Hakuombi Kiingereza

Juzi, katika duka moja la mtaa wa Dilala, nilisimama nyuma ya mama aliyekuwa akinunua sukari. Simu yake ilikuwa juu ya kaunta, sauti imefunguliwa hadi mwisho, kwa hiyo sote tulimsikia binti yake. Ana miaka kumi na tano, amehamia Kanada kwa baba yake mkubwa.

"Mama, mi nilifanya vile ulisema."

Mama alikuwa amemfundisha kupata marafiki hata bila Kiingereza: penye kilio, nenda. Basi bibi wa mwanafunzi mwenzake alipofariki, binti alikwenda kwao, akaketi chini uani.

"Baliniuliza niko natafuta nini. Kingereza ilinikatala."

"Ungelia tu! Kulia haiombake Kingereza."

"Nililia, mama. Ndiyo baliogopa. Baliita polisi."

Muuzaji alianza kucheka, kisha akaona hakuna wa kumsaidia kucheka. Mama alizima ile sauti, akaiweka simu sikioni, akageukia ukuta.

"Basi, mwana wangu. Usiendake tena."

Nimewasikia akina mama wengi wakiwagombeza watoto kwa kutofika msibani. Anayemkataza mtoto kwenda, huyu ndiye wa kwanza, na alimkataza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Muuzaji, akitafuta la kusema, akamuuliza sukari yote ile ni ya nini.

"Ya kilio, kule nyuma ya nyumba ya masomo."

"Nani alikufa?"

"Sijue jina," akasema, akifunga kitenge chake. "Nilisikia tu banalia."