Siku Niliyochelewa Kufika Kwenye Msiba Wangu

Jamani, naanza kwa kukiri ili msinicheke katikati ya maneno: mimi ndiye yule mtu aliyefika kwenye msiba wake mwenyewe, tena akafika amechelewa, turubai limeshafungwa na ndizi zimeshamenywa. Hakuna wa kulaumiwa. Nilijitangazia kifo kwa vidole vyangu hivi.

Mnanijua. Shule niliachia kidato cha pili, nikafunga madishi ya televisheni Kibeta, nikauza senene, nikabeba magunia bandarini, mpaka nikakuta laptopu kuukuu kwa fundi mmoja wa mtaa wa Bakoba, pale Bukoba mjini, nikaing'ang'ania. Kilichonivuta ni kile kidirisha cheusi kisicho na picha, unakiandikia amri nacho kinatii (hakuna kitu kingine maishani kilichowahi kunitii). Nikajifunza pole pole hadi nikatengeneza programu ndogo ya chama chetu cha kuzikana, kule kijijini kwetu Muleba. Unaandika neno tangaza, jina la marehemu na maelezo, na ujumbe unatoka kupitia simu yangu kwenda kwa wanachama wote. Zamani mtu alitumwa kwa miguu mlima hadi mlima, na wengine walipata habari kaburi limeshafukiwa.

Mwenyekiti wetu, Ta Kamugisha, aliikubali kwa sharti moja. Kwetu mfiwa haambiwi kwa simu. Wanakwenda watu wazima wawili, wanakaa, wanaanza na habari za mvua na migomba, ndipo wanasema. Kwa hiyo programu iulize kabla ya kutuma: "Wafiwa wameambiwa ana kwa ana? Andika majina ya waliokwenda." Nikaweka. Na kwa kuwa nilikuwa nimenogewa, nikaongeza maswali mengine matano: una uhakika na jina, una uhakika na siku, una uhakika na mahali, una uhakika na idadi ya watu unaowatumia, una uhakika na uhakika wako. Katibu wetu Leonia, mwenye haraka kuliko upepo wa ziwani, akanijia juu.

"Projestus, hii ni programu au kituo cha polisi? Nikimaliza kujibu, marehemu atakuwa ameshafufuka."

Alisema kweli. Maswali yakizidi mtu hasomi tena, anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ila badala ya kukaa nifikiri lipi libaki na lipi liondoke, nikachukua njia ya mkato: nikaweka neno usiulize, ukiliandika mwishoni mwa amri maswali yote sita yananyamaza. Halafu (hapa ndipo shetani alipovuta kiti akakaa) nikachoka hata kuliandika, nikaipangia laptopu yangu iliongeze yenyewe kila mara.

Siku hiyo nilikuwa Bakoba, najaribu kama ujumbe mrefu unafika mzima. Nilikuwa na orodha ya majaribio yenye namba mbili tu, yangu na ya Leonia. Marehemu awe nani? Kumwandika mwenzako aliye hai ni uchuro, nikasema basi nijiandike mimi, nani atajali. "Ndugu Projestus amefariki ghafla leo Bukoba. Tukutane kwao. Njoo na ndizi, kuni na maji." Nikabonyeza, nikaiacha simu imechomekwa kwenye laptopu, sauti nimeizima, nikaenda kula.

Ile orodha ya majaribio nilisahau kuitaja. Na programu yangu, isipotajiwa orodha, inachukua wanachama wote (nani aliipangia hivyo? Marehemu). Moja ya yale maswali lingeniambia natuma kwa watu mia mbili na kumi na wanne. Nilikuwa nimeshalinyamazisha.

Narudi nimeshiba, nakuta simu zilizopigwa hazihesabiki. Kumi na moja za Mama. Kila aliyepiga kuhakikisha hakupokelewa, na huo ukawa ushahidi tosha. Nikampigia Mama, imezimwa. Nikataka kutuma ujumbe wa kukanusha, kifurushi cha ujumbe kimeisha, chote kimeliwa na msiba wangu. Nikampigia Leonia, akasikia sauti yangu, akapiga yowe, simu ikakatika, sikumpata tena.

Nikarukia gari la kwanza la Muleba, njia nzima najiambia jambo moja: sitapita nyuma kwenye migomba, nitaingia kwa mlango wa mbele.

Aliyeniona kwanza ni Ta Kamugisha, anapasua kuni.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, waitu. Shikamoo."

Aliiangalia miguu yangu. "Kanyaga kwa nguvu nione."

Nikakanyaga.

"Maiti gani ina matope kwenye viatu? Njoo hapa upasue kuni zako mwenyewe, mpumbavu wewe!"

Wengine walicheka, wengine walikimbia, na mzee mmoja aliyekuwa anaeleza jinsi nilivyokuwa kijana wa bidii alikatisha sentensi (hajaimalizia hadi leo). Mimi sikuweza kucheka, maana nilimwona Mama kwenye mkeka. Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika uso kwa mikono miwili, kisha akanizaba kofi, kisha akanishika tena.

"Mtu akifa, huwa wanakuja wawili," akasema. "Wanakaa. Kwangu imekuja simu. Nilikuwa peke yangu nyuma ya nyumba, nachambua maharage."

Ta Kamugisha akaweka shoka chini, akasema kuanzia leo chama kinarudi kwenye miguu. Vichwa vingi vikakubali.

Nikasimama. "Ta, nipeni wiki moja. Kosa ni langu, nalitengeneza mimi."

"Miguu ilifanya bibi wa kule juu azikwe na watu tisa," Leonia akasema, akiniangalia kwa mbali, bado haniamini vizuri.

"Muulizeni mama yake, Ma Adventina," akasema Ta Kamugisha. "Leo yeye ndiye mfiwa."

Mama akanigeukia. "Hilo swali la wafiwa, unaweza kulifanya hata wewe usiweze kuliruka?"

"Naweza."

"Hata ukiwa na haraka?"

"Hata nikiwa na haraka."

"Mwacheni afanye. Na hizo ndizi zipikwe, tusije tukazitupa."

Nikala chakula cha msiba wangu, tena nikaongezewa.

Wiki ile sikuinua kichwa. Maswali manne nikayafuta. Orodha ya majaribio haiulizwi chochote, chezea utakavyo. Usipotaja orodha, ujumbe hauendi kwa mtu yeyote. Swali la idadi Leonia anaweza kulinyamazisha akijua anachofanya. Lakini la wafiwa halina neno la kulizima, na jibu lake linatoka kwenye simu ya Ta Kamugisha, siyo yangu.

Msiba wa kweli ulipokuja, programu ilisimama ikasubiri. Vidole viliniwasha, wanachama wanachelewa, nami ninaijua kila kona ya kitu kile. Nikatafuta pa kupenya, hakuna, nilikuwa nimepaziba mwenyewe. Wazee wawili walikuwa bado wanazungumzia mvua kwenye nyumba ya wafiwa. Kisha jibu likaja: wameambiwa. Ujumbe ukaenda, na watu walijaa.

Njia ya mkato kwenye swali lile sitaiweka tena. Na Mama, akinipigia mara mbili nisipopokea, hunitumia neno moja tu: "Upo?" Popote nilipo, naacha ninachofanya, naandika: "Nipo, Mama."