Siku Niliyomwacha Marceline Mbele ya Altare

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja hapa Likasi, Jumamosi ambayo ningetoa chochote nilicho nacho niirudie upya. Kaa unisikilize. Nimezeeka, nitakwenda polepole. Usidhani nimesahau.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, shefu, yaani mkuu wa zamu, katika kiwanda cha shaba cha Shituru. Marceline nilikuwa nimemchukua kwa desturi: wazee wa pande mbili walikaa, mahari ikapokelewa, tukala bukari, ugali wetu, na kuku, akaingia nyumbani kwangu. Kuhusu kanisa nilisema tutakwenda baadaye. Miaka tisa ikapita. Unajua sheria yetu Wakatoliki: anayeishi na mume bila ndoa ya kanisani hapokei komunyo. Basi kila Jumapili, watu wa benchi letu waliposimama kwenda kupokea, Marceline aligeuza magoti pembeni ili wapite. Mimi sikuona shida yoyote. Kusema kweli, mara nyingi nilikuwa nje na wenzangu tukizungumza mpira.

Mwaka ambao binti yetu Odile alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, mama yake aliniambia maneno akiwa anasonga bukari, bila kunitazama.

"Papa Odile, minye siombi feti. Minye natafuta tu kupokea komunyo pamoja na mutoto. Padri atabariki bantu mingi siku moja. Na shiye twende."

Ndivyo ilivyokuwa katika parokia yetu. Mara moja kwa mwaka, wiki moja kabla ya komunyo ya watoto, padri aliwafungisha ndoa kwa pamoja wote waliokuwa wamekaa kama sisi. Mzee Anselme, katekista wetu, akatuandika. Nikaenda kwenye fundisho la ndoa mara moja tu. Nilikuta wazee wenye wajukuu, na katikati yao mfagiaji wa kiwandani, mtu niliyekuwa namwamuru kila asubuhi, ameshikana mikono na mke wake. Alinisalimia kwa furaha. Nami nikaona aibu. Nilitaka feti, sherehe ya harusi yangu peke yangu, suti mpya, fanfare ya matarumbeta, magari yakipiga honi mpaka Shituru. Nisimame mstari mmoja na mfagiaji? Kichwa kilikuwa kimenivimba, mwanangu.

Ningemwambia Marceline hivyo, tungegombana na kumaliza. Sikumwambia. Asubuhi ya siku ya ndoa nilivaa nguo za kazi, nikasema nakwenda kuangalia mashine moja na nitawakuta kanisani. Kisha nikajipa zamu ambayo haikuwa yangu. Marceline alinisubiri mbele ya altare katika liputa yake mpya ya kitenge, wasimamizi wetu wawili wakiwa pembeni. Niliambiwa padri aliichelewesha misa kwa ajili yangu. Halafu akaanza na wengine, na Marceline akarudi kukaa. Niliporudi nyumbani alinipa chakula, akaniuliza kama ile mashine imepona. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumapili ya wiki iliyofuata, siku ya komunyo ya watoto, nilikuwa ndani ya kanisa. Odile, katika gauni lake jeupe, alipita mbele ya mama yake kwenda kupokea, na Marceline akageuza magoti kumpisha mtoto wake mwenyewe. Baada ya misa Mzee Anselme alinivuta kando. Hakupandisha sauti.

"Mutoto yangu, ndoa haiko feti yako. Iko alama. Bantu habamuone Kristo na macho, banaona weye na bibi yako, pale banajua namna Kristo anapenda Kanisa yake. Sasa Jumamosi weye uliwaonyesha nini? Kristo bantu balimuchekelea, hakukimbia. Weye haukuchekelewa hata na muntu moja."

Nilijibu kwamba kazi ni kazi, na kwamba mwaka ujao tutafunga. Alinitazama, akaenda zake. Niliona amenionea.

Mwaka ujao haukutufikia sote. Mvua zilipoanza nilitumwa Kakanda kwa kazi ya wiki mbili, na huko nyuma malaria ikampanda Marceline kichwani. Habari iliponipata, barabara ilikuwa matope matupu. Nilifika nikakuta wanawake wameketi chini uani, matanga yameanza. Dada yake ndiye aliyenisimulia. Padri alikuwa amekuja, tayari hata kutufungisha ndoa pale kitandani, akauliza niko wapi. Akampaka mafuta ya wagonjwa. Komunyo alikuwa ameileta, lakini Marceline hakuweza tena kumeza hata maji. Aliitazama tu.

Odile alikuwepo, akaona yote. Leo ni mama wa watoto wanne, ananisalimia kwa heshima, ananiletea samaki. Hajawahi kuniuliza mahali nilipokuwa ile Jumamosi. Ninaogopa siku atakayouliza, na ninaogopa pia nife hajauliza.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Wewe na Bibiche mna mtoto mmoja na wa pili yuko njiani, na unasema kanisa lisubiri mpaka ukumbi mkubwa upatikane. Usimngojeshe mke wako kwa ajili ya ukumbi. Alama ambayo Mungu amekupa uionyeshe ni wewe kuwa upande wake watu wakitazama, hata ukiwa na viatu vya zamani, hata ukisimama na yeyote yule. Mengine ni muziki na pombe, yanakwisha siku ileile. Na ukiwa na hofu au aibu, mwambie yeye kwanza, usikimbilie kazini.

Jumatano ulikuja kuniomba niwe msimamizi wa ndoa yenu, nikasema nitafikiri. Jibu langu ni hapana. Katika parokia yetu msimamizi lazima awe amefunga ndoa kanisani, na mimi, mwanangu, sikufunga kamwe. Tafuteni mwingine. Nitakuja nikae benchi za nyuma.

Mungu wa baba zetu aibariki nyumba yako. Akupe miguu myepesi siku hiyo, ufike kanisani kabla ya Bibiche, na amkute mume wake amesimama anamngoja. Amina.