Chupa ya Mjukuu wa Jumwa

Ukisalimiana na Jumwa wa hapa Utange, huondoki na mkono mkavu. Amekuna nazi tangu ujana wake. Hukama tui, akalipika polepole mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge, na harufu ikinifikia mimi jirani, ugali wangu wa mchicha hauliki tena. Watoto wa mtaa huu, wangu wakiwemo, walikandwa kwa mafuta yake. Wala haombi ruhusa. Ukijifungua tu, unamkuta mlangoni.

Basi bintiye wa pekee, Caroline, aliposhika mimba, Jumwa alitenga chupa ya mjukuu mapema. Lakini mtoto alikuja kabla ya wakati.

Nilimsindikiza Jumwa hospitalini. Kichanga kililala ndani ya kisanduku cha kioo, mbavu zikizama kila kilipovuta pumzi. Jumwa akatoa chupa yake. Muuguzi, Mastura, akamzuia.

"Ngozi yake bado haijakomaa, mama. Na shida iko mapafuni."

Akatueleza. Mapafu yana vijifuko vidogo mno, vyenye majimaji ndani. Mtoto aliyetimia hujitengenezea mafuta ya kuvitandaza: kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Vichwa hukaa majini, mikia ikaelekea kwenye hewa, vijifuko visinatane. Huyu alizaliwa kabla hajayatengeneza ya kutosha. Hata mafuta ya chini ya ngozi, yanayohifadhi joto, hakuwa nayo.

"Kama leso iliyoloa inavyogandama mwilini," Jumwa akasema.

"Ndivyo, mama."

"Sista, kwangu mafuta ni tele."

Mastura hakucheka. "Yako hayafiki huko. Tumempa dawa ya kushika nafasi ya mafuta aliyoyakosa. Akianza kupumua mwenyewe, inshallah, utampaka."

Jumwa akawa anakuja na chupa kila siku, na kila siku anaambiwa bado.

Asubuhi moja Mastura alikifungua kisanduku mwenyewe, macho mekundu. "Karibu sasa, mama."

Caroline alikaa chini akalia. Mimi nilimkasirikia Mungu, na hasira ile sijaimaliza.

Mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi ya Julai. Jumwa akachota kidogo, akayasugua viganjani, akasugua tena.

"Jumwa," nikamwambia, "hasikii baridi tena."

"Mafuta ya baridi humshtua mtoto," akanijibu.

Yalipoyeyuka, akaanzia kifuani.