Mifuko Kumi na Mmoja ya Majani

Marlene Haugen, dereva wa basi la shule aliyestaafu, alikuwa na bustani iliyowakera watu wa mtaa wake huko Iowa. Oktoba ikifika, wenzake walikwangua nyua zao mpaka zikang'aa. Yeye hagusi kitu: majani ya mti wake wa mjozi yanalala yalipoanguka, mabua ya maua yanasimama makavu mpaka Mei. Walimwita mvivu, naye wala hakujitetea.

Alipolazwa kupasuliwa goti, jirani yake Verlyn akamwonea huruma. Marlene akarudi kwa magongo, akakuta ua mweupe pe! Mifuko kumi na mmoja ya majani imepangwa barabarani kungoja lori la taka la saa nane, na Verlyn yuko kwenye mabua, mkasi mkononi.

"Umenimaliza, Verlyn!"

"Ndiyo ahsante yenyewe hiyo?"

"Kiwavi wangu yumo humo! Nilimwona Septemba akishuka mtini, akajisokota ndani ya jani. Mei anatoka nondo wa kijani, ana mikia mirefu hivi. Nimewahi kumwona mmoja tu, nina miaka tisa. Sasa nina sabini na mbili, jamani!"

"Na haya mabua je, nayo yana wenyewe?"

"Chungulia."

Verlyn akapiga magoti, mtu mzima na kitambi chake. Tundu la bua limezibwa kwa udongo.

"Nani kaziba?"

"Nyuki. Wanawe wamelala humo."

"Wee! Acha bwana!" Akachungulia la pili, la tatu, mkasi ameshausahau.

Saa saba na nusu walikuwa wanamwaga mifuko. Katika wa saba Verlyn akashika jani lililokunjamana, gumu kidogo, halifunguki.

"Liweke sikioni," Marlene akasema.

Ndani kitu kikajigeuza, kwaru, kwaru.

"Yu hai! Ananikwaruzia huyu!" Verlyn alicheka kwa furaha kama mtoto. Marlene alilia, bila kujificha.

Kisha Verlyn akageuka, akautazama mjozi wa uani kwake. Miaka thelathini na minane, kila Oktoba, amepitisha mashine ya kukatia nyasi juu ya majani yake mpaka yakawa unga.

"Hawa wanashuka na kwangu?"

"Mjozi si mjozi tu?"

Verlyn bado ameliweka jani sikioni.

"Marlene, nimesaga wangapi?"

Marlene alitamani kumdanganya, akashindwa.

"Wengi, jirani yangu."