Chungu cha Mbonile

Kalamu nimeishika mpaka darasa la pili tu, halafu ni mimi mnayenijia niandike habari za Balozi wa Kifaransa. Wasomi wa Isongole wamekwisha? Haya. Lakini naanza na wifi yangu Enesi, mfinyanzi, maana bila yeye huyo Mfaransa mngemjulia wapi.

Mwaka ule mama yake, Mbonile, alikuwa mwezi wa tatu kitandani, hasemi, hanyanyuki. Gari likasimama. Akashuka mzungu anayeitwa Remi, mtu wa ubalozi wa kwao Dar es Salaam. Alishatumwa nchi nyingi, na kila alikopelekwa alitafuta wachongaji na wafinyanzi, akapeleka kazi zao kwenye maonyesho. Akakiona chungu mlangoni.

"Nani kafinyanga hiki?"

Enesi akatazama ndani alikolala mama. Akawaza, huyu akisikia mwenye mikono hawezi tena, atawasha gari aende zake.

"Mimi," akasema.

Remi akaliandika jina. Siku ile ile akampakia mgonjwa garini kumpeleka hospitali. Mwenye chungu kalazwa kiti cha nyuma, chungu chake kiko mbele, kimefungwa blanketi. Wiki haikuisha, Mbonile akafa.

Chungu kikaenda Paris, kikawekwa ndani ya kabati la kioo. Remi akaandika kitabu, akawajengea wanawake banda la kufinyangia, na juu ya mlango akabandika jina la Enesi. Watu wakaanza kumwita Balozi. Jirani yetu Fides alikuwa akisema, "Balozi wa nyumba kumi zipi huyu? Hata kikao hajaitisha." Enesi alicheka na wenzake. Ila akipita kaburini kwa mama yake, aligeuza uso.

Ikapita miaka kumi na minane. Remi akastaafu, akaja kuaga, anatembelea fimbo. Enesi akamkalisha kwenye kigoda, hakuzungusha maneno.

"Baba, kile chungu si changu. Ni cha mama. Nataka jina lake liandikwe."

Mzee akailaza fimbo chini.

"Michoro ya kile chungu inalala kushoto, kazi ya mtu wa mkono wa kushoto. Wewe unachora kwa mkono wa kulia. Niliona nilipokuja mara ya pili."

"Na ukanyamaza?"

"Kitabu kilikuwa kimeshatoka. Niliona aibu."

"Hiyo ni aibu yako. Mama yangu je?"

Mtu aliyezoea kusema na wakubwa wa dunia, siku ile aliiokota fimbo yake. Aliinuka, akaondoka.

Enesi alingoja misimu miwili ya mvua. Mwenyewe alipanda ngazi akang'oa jina lake pale bandani, na wanawake wakamwona kama amerukwa na akili. Mwaka huu ikafika barua ya binti wa Remi: baba amezikwa, alichokifanya mwisho ni hiki. Ndani kulikuwa na picha. Chungu kwenye kioo, na chini yake kikaratasi: Mbonile, Isongole.

Enesi aliipeleka picha kaburini, akasoma kwa sauti, herufi moja moja, bila kugeuza uso. Jumapili akaomba kanisa limwombee Mfaransa.

Sasa na wewe uliyesoma, inuka. Nenda jikoni kwa mama yako, shika chungu, ungo, mkeka, chochote alichotengeneza kwa mikono yake. Kigeuze, uandike jina lake nyuma. Leo, usiniambie kesho.