Kipande cha Chini cha Ukurasa

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, kabla ya saa moja asubuhi, mume wangu alifariki. Alikuwa ametoka nje kufungua mfereji wa tangi, hapa kwetu Kitengela, akaketi kwenye saruji polepole kama mtu anayetaka kuvua viatu, na hakuinuka tena. Hospitalini waliandika kiharusi. Tulimzika kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, na baada ya wiki mbili nikarudi kwenye cherehani yangu, maana nilikuwa na sare za watu na tarehe zao zilikuwa zimekaribia.

Naandika haya kwa sababu ya karatasi moja. Sikusoma sana. Niliishia kidato cha pili huko Ukambani, kisha nikajifunza ushonaji, kisha nikaolewa na Mmasai. Kwa hiyo nitaeleza kwa njia ninayoijua.

Mwaka uliotangulia, mume wangu alipimwa akakutwa na presha. Alipewa vidonge na kuambiwa ni vya kila siku. Yeye alikuwa dalali wa mifugo. Ujanani aliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka huku chini hadi sokoni, siku nzima, akalala njiani. Lakini siku hizo za mwisho ng'ombe waliuzwa kwa simu. Alikuwa na simu mbili na kiti kimoja cha plastiki chini ya kivuli cha duka la dawa za mifugo, na hapo ndipo alipokuwa kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Siku moja alirudi na ukurasa wa gazeti, ule ukurasa wa afya, wa Kiingereza. Kichwa chake kilihusu Wamasai, nyama, maziwa, na mioyo isiyougua.

"Soma hapo, mama," akaniambia. "Wazungu walitupima wakaona sisi hatuna hiyo kitu."

"Hata na nyama ya kuchoma?"

"Hata na mafuta yake. Sasa wewe Mkamba kula mboga zako pole pole."

Tulicheka. Akataka karatasi hiyo itiwe plastiki pale saiba, kwenye duka la kompyuta, lakini ukurasa wa gazeti ni mkubwa kuliko plastiki yao. Alichukua kisu cha jikoni aukate. Nikamwambia alete kwangu, yeye ataukata kombo. Fundi yeyote atakwambia kwamba mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Karatasi huuvunja makali. Mimi sijawahi kumruhusu mtu auguse wangu. Siku hiyo niliutoa mwenyewe. Nilikata chini ya picha ya ng'ombe, sawasawa kabisa. Chini ya picha palikuwa na maandishi mengine, safu mbili fupi. Sikuyasoma. Niliyaondoa kama ninavyoondoa ukingo wa kitambaa usiohitajika, na jioni nikawashia jiko.

Karatasi ikatundikwa karibu na kalenda. Wiki hiyo hiyo aliacha vidonge. Nilijua, kwa sababu kikopo kilikuwa juu ya kabati la vyombo na hakikupungua. Nilimwambia mara moja. Akaelekeza kidevu chake ukutani, kwenye karatasi. Sikumwambia mara ya pili.

Baada ya mazishi, kakake alinipigia simu. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, anaishi kule kwao Kajiado. Siku niliyoolewa alinipa kondoo jike, na kwa desturi yao, aliyekupa kondoo mnaitana paker, yeye kwako na wewe kwake. Tumeitana hivyo miaka yote.

"Paker," akasema, "ile karatasi ya ndugu yangu bado iko?"

"Iko."

"Niletee. Nataka niweke kwangu. Hawa watu wa dispensari wamenipa dawa ya presha hapa, ati kila siku mpaka nife. Nimeiweka kando."

Nilisema nitaileta Alhamisi. Nilipokata simu niliketi. Ndugu mmoja alikuwa ametoka tu kuwekwa ardhini, na huyu mwingine alikuwa anaomba karatasi ile ile.

Niliitoa ukutani nikaenda nayo kwenye duka langu la ushonaji ili nisiisahau. Nina mteja mmoja anayefundisha chuo cha uuguzi, huniletea sare za wanafunzi wake, zile nyeupe. Jumatatu alikuja kuzichukua, akanipa pole, na alipokuwa ananingoja nimalize vifungo aliiona karatasi juu ya meza. Akaisoma akiwa amesimama.

"Fundi, hii inaishia katikati. Chini yake kulikuwa na nini?"

"Maandishi. Niliyakata."

"Yalisema nini?"

"Sikuyasoma, mwalimu."

Hakunigombeza. Alitoa simu yake, akaandika kichwa cha habari vile kilivyo, na kwa muda mfupi habari nzima ikatokea, na picha ile ile ya ng'ombe. Akashusha hadi chini ya picha na kunisomea polepole kwa Kiswahili. Yalisema kwamba waliopimwa walikuwa wachungaji, wengi wao wanaume, watu wa kutembea kutwa nyuma ya mifugo. Kwamba vipimo hivyo vilichukuliwa zamani. Na kwamba Wamasai walioingia mjini wakaacha maisha hayo hawawezi kuhesabiwa pamoja na wale. Hao wanahitaji kupimwa wenyewe.

Nilimwomba asome tena. Akasoma.

Nilimwambia kuhusu mume wangu na kuhusu shemeji. Akavuta stuli akaketi, na sare zake zikangoja.

"Kwanza," akasema, "hata hili gazeti si utafiti. Ni mtu anasimulia utafiti wa wengine. Ni kama umesikia kesi kwa jirani. Mwishowe lazima umtafute mwenyewe aliyekuwepo."

Akanionyesha mahali pa kutafutia. Aliomba kalamu, akaandika katika daftari langu la vipimo, kwenye ukurasa wenye kifua na kiuno cha wateja, mambo ambayo yeye huwauliza wanafunzi wake: ni nani walipimwa, wapi na lini, ni nani hawakupimwa, na anayekueleza atapata nini ukimwamini. Lile la kwanza nililielewa kabla hajamaliza kuliandika. Siwezi kukata gauni la mtu kwa vipimo vya mwingine, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Najua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji. Ila sikuwahi kufikiri kwamba karatasi ya afya nayo huwa imekatwa kwa mwili wa mtu fulani.

Siku mbili zilizofuata, kila wateja walipopungua mchana, nilitafuta kwa simu yangu. Kiingereza changu ni cha kupapasa, kwa hiyo nilisoma ule muhtasari wa mwanzo tu, neno baada ya neno, na mengine sikuyaelewa mpaka leo. Nilikuta kweli watafiti wa zamani waliandika juu ya Wamasai wachungaji, wengine huko ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Wakati huo hata mimi sikuwa nimezaliwa. Nilikuta pia kazi za karibuni, nyingine za watu wa Kajiado hii hii, na humo presha ilikuwepo. Na jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Hakuna mahali popote, katika ile habari ya gazeti wala katika muhtasari, palipozungumzia kuacha vidonge. Hilo tuliliongeza sisi wenyewe, nyumbani, mbele ya kalenda.

Jumatano niliona ukurasa mwingine uliosema kwa maneno makali kwamba nyama nyekundu imewaua wanaume wengi kuliko ajali, na kwamba utafiti umethibitisha. Nilifurahi. Hivyo ndivyo nilivyotaka kumwambia shemeji. Nikamtumia mwalimu. Alijibu kwa swali moja tu: kama ukurasa huo ungesema nyama haina neno, ningeuliza umeandikwa na nani? Nikashuka mpaka mwisho wake. Hapakuwa na jina la mtafiti hata mmoja. Palikuwa na picha ya kikopo cha unga wa majani, na namba ya kuagizia.

Niliufuta. Nakubali kwamba nilitaka kuupeleka. Ningeupeleka kama tulivyoleta ule wa kwanza nyumbani, kwa sababu ulisema nilichotaka kusikia.

Badala yake niliketi nikanakili kile kipande cha chini, kwa Kiswahili, kwa mkono, kama mwalimu alivyonisomea na alivyonisahihisha baadaye kwa simu. Gundi haishiki vizuri kwenye plastiki hiyo, kwa hiyo niliweka sindano ya jinzi kwenye cherehani nikakishona hapo hapo nilipokikata, mshono mmoja, mpana.

Alhamisi nilifika kwa shemeji kama saa nane mchana. Alikuwa ameketi nje ya nyumba na redio ndogo.

"Takwenya, paker."

"Iko," nikaitikia salamu yake kwa Kimasai.

"Umeniletea daktari wangu?"

"Nimekuletea. Lakini ameongezeka."

Alipokea karatasi, akaipindua, akaishika mbali na macho. "Hii sketi ni ya nini?"

"Ni ile sehemu niliikata. Nikusomee?"

Nilimsomea. Alisikiliza akiangalia mbuzi wake. Nilipomaliza, alizima redio.

"Hao watu walitembea kiasi gani kwa siku?"

"Haikuandikwa mahali nilipofika. Ni mbali."

"Kushinda hapa mpaka Isinya?"

"Sijui, paker."

"Ndugu yangu alitembea mpaka wapi?"

"Kutoka kitandani mpaka kwa kiti."

Alicheka kidogo. Mkewe alituletea chai na kurudi ndani. Tulikunywa. Niliona anarudi kwenye ile karatasi kwa jicho, kwenye mshono.

"Nani alikata?"

Nilikuwa nimejua kwamba swali hilo litakuja, na njiani nilikuwa nimefikiria kusema ni watu wa saiba.

"Ni mimi. Haikuenea kwa plastiki. Nilikata bila kusoma, na hiyo kipande nikawashia jiko."

"Na dawa aliacha lini?"

"Hiyo wiki."

Mbuzi mmoja alipanda juu ya gunia, na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hivyo ni hii ilimuua."

"Sijui."

"Unasema aje hujui? Wewe ndio umeenda kusoma."

"Nimesoma. Hao wote waliandika juu ya watu wengi. Hakuna mahali ameandikwa yeye. Labda angemeza na bado angeanguka. Labda hangeanguka. Hata mwalimu nilimuuliza, akasema hajui. Ile ninajua ni aliacha, na karatasi haikumwambia aache."

"Ungeniambia ndio, ningeogopa. Ningemeza leo."

"Najua."

"Si ungedanganya tu, paker? Kidogo?"

"Ukweli nilishaukata mara moja," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akasema neno ambalo bado liko nami. "Fundi mzima, na unamkatia mume wako shati fupi." Hakulisema kwa hasira. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alimwambia kwa Kimasai aache, akaacha.

Nilitaka kurudi Kitengela siku hiyo, wakanikataza, nikalala. Hakuizungumzia tena karatasi. Alizungumza juu ya mvua, na juu ya ndume aliyemuuza akajuta, na alipoingia kulala aliibeba karatasi.

Asubuhi alivaa koti, akachukua fimbo, akasema atanisindikiza mpaka barabarani. Karatasi ilikuwa kwapani, ameikunja pale kwenye mshono, na mfukoni niliona kikopo cha dawa kimeinua kitambaa. Tulitembea bila haraka. Mara mbili alisimama kupumua, akajifanya anaangalia shamba la mtu.

Tulipofika kwenye njia ya kwenda dispensari, alipinda. Nikapinda naye. Kwenye benchi palikuwa na akina mama wawili na mtoto mmoja mbele yetu. Aliketi mwisho. Nikaketi kando yake.

"Si uende, utachelewa watu wako," akasema.

"Watangoja."

"Nesi akiniuliza mbona niliacha, nitamwambia nini?"

"Mwambie vile ilikuwa."

Akafikiri. Nesi alitokea mlangoni akamwita. Alisimama, akakitoa kikopo mfukoni akakishika mkononi, kisha akanipa ile karatasi.

"Shika hii," akasema, akaingia, na nesi akafunga mlango.