Bastola ya Kuanzishia Mbio

Alasiri za Al Wakrah, kusini mwa Doha, zina usingizi wake. Mtu akishakula, mapazia yakashushwa, kiyoyozi kikaanza kunguruma ile nguruma yake moja, hata mwenye kazi huona macho yanazama. Wakati huo ndipo Kiptoo alipokuwa akitandaza taulo jeupe juu ya meza ndogo ya sebuleni, akaiweka bastola katikati, akaanza kuifungua.

Usiruke ukaita polisi. Ilikuwa bastola ya kuanzishia mbio, ile ambayo mwanzishaji huinua juu, ikalia, wakimbiaji wakatoka. Mdomo wake ulizibwa kwa chuma tangu kiwandani, na fataki zake zilikwisha miaka mingi iliyopita. Kilichobaki kilikuwa chuma kizito, mpini wa mbao uliosuguliwa na kiganja kimoja hadi ukang'aa, na ugonjwa mmoja: ukivuta kifyatulio, kimya. Hata kile kidoko kidogo cha chuma kugonga chuma hakikuwepo.

Mwenye kiganja hicho alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti chake cha magurudumu, akitazama. Jina lake Khalfan. Alifundisha michezo katika shule ya wavulana tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na wanaume wazima wenye matumbo na vyeo walikuwa bado wakimwita Ustadhi. Watu wa nyumbani, kwa desturi ya nyumba za huku, walimwita Baba. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikamchukulia mkono, mguu, na maneno yote. Tangu hapo alikuwa akitazama tu, na macho yake yalikuwa makali, ya mtu anayejua kinachosemwa na hawezi kujibu.

Kiptoo ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, akamsogeza dirishani jua likipoa. Alikuwa kijana wa Iten. Ukiwataja watu wa Iten huku kila mtu anakuuliza habari za marathoni, naye Mungu alimpa miguu isiyo na subira: mita mia nne, basi, zaidi ya hapo alihema kama mimi na wewe. Miguu hiyo ilimfikisha mbali. Alifika hadi mchujo wa timu ya taifa kule Nairobi, mama yake akapanda basi kumfuata, na themosi ya chai mapajani. Mwanzishaji akasema jiwekeni tayari, uwanja ukanyamaza, na katika kimya kile mwili wa Kiptoo ukaondoka bila kumuaga mwenyewe. Sheria haina huruma: ukitangulia mlio mara moja tu, umetoka. Alitembea hadi kwa mama yake, wakanywa ile chai.

Hakukimbia tena. Alisomea uuguzi wa nyumbani, akapata wakala, akapanda ndege, na akili yake ikajifunza kwenda polepole. Kwa mzee Khalfan upole huo ulikuwa dawa. Na niseme wazi, maana mwenyewe asingelisema: alimpenda yule mzee. Alimpenda kama mtu anavyompenda aliyemkuta katika hali moja naye, wote wawili wamekatwa katikati ya jambo.

Sasa Dana, binti wa mzee, alikuwa ameamua. Alikuwa na ofisi Al Sadd, mume safarini kila mara, na daktari aliyekuwa akimwambia jambo lile lile kila akimwona: mzee apelekwe kituo cha uangalizi, kuna wataalamu, kuna mashine, huenda wakamwamsha ulimi. Eid ikipita, mzee angehamia huko. Kiptoo angerudi Kenya. Alimwambia kwa adabu, akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani, akaongeza kwamba kosa si lake.

Kiptoo alisema, "Sawa, Mama." Kisha akaenda kufuta vumbi kabati lenye vikombe vya mashindano ili asionekane uso, na huko ndiko alikoikuta bastola, nyuma ya picha ya wavulana waliovaa kaptura. Aliishika tu. Akavuta kifyatulio, kikalegea kama jino bovu. Alipogeuka alimwona Baba ameuinua mkono wa kushoto, ule mzima, kidole kikiwa kimeelekea kwenye bastola.

Mpishi wa nyumba, Hadijah wa Mumias, alimkuta nayo mkononi akapiga yowe la kuamsha mtaa.

"Kiptoo! Hiyo kitu ni ya nini? Unataka tulale ndani sisi sote?"

"Si bunduki, dada. Ni ya kuanzisha race."

"Race gani ndani ya nyumba ya watu? Irudishe hapo sasa hivi, na uombe Mungu madam asikuone."

Lakini Kiptoo alimwonyesha madam mwenyewe, jioni hiyo hiyo. Dana aliipokea, akaigeuzageuza, na kwa muda alikuwa si mwenye ofisi.

"Kila mwaka kabla ya mashindano aliifungua juu ya taulo jeupe," alisema. "Aliisafisha, akabadilisha vitu vidogo vidogo. Hakumruhusu mtu kuigusa. Siku ya mbio alikuwa akinichukua, msichana peke yangu kati ya wavulana. Yeye alitazama juu, mimi nikatazama mstari. Mtu akitangulia, alikuwa ananiuliza mimi kwanza: Dana, umemwona?" Akairudisha mikononi mwa Kiptoo. "Ukitaka kuitengeneza, itengeneze. Lakini fataki hapana. Sitaki majirani waruke."

Basi zikaanza zile alasiri za taulo jeupe. Nje mtaa umelala, hata paka wa kwenye ukuta wamelala, na ndani watu wawili wanafungua bastola bila neno. Kiptoo hakuwa fundi wa chochote. Alilegeza skrubu, akainua kipande, akamwonyesha mzee. Mzee akifumba macho, hapana. Akiyafumbua, weka hapo. Kwa mtindo huo walitoa vibao vya mpini, wakatoa nyundo, wakafika kwenye springi, wakaikuta imekatika vipande viwili.

Alijaribu springi ya kalamu. Mzee alifumba macho kwa nguvu kiasi kwamba Kiptoo alicheka. Akajaribu ya kiberiti cha gesi cha Hadijah, aliyelalamika wiki nzima kwamba wanaume wawili wameshindwa kumwachia hata moto wa kupikia. Siku yake ya mapumziko Kiptoo alipanda basi hadi Al Sadd, kwa fundi saa Mhindi wa Kerala mwenye duka jembamba kama korido. Fundi akaitazama ile springi iliyokatika kwa lenzi yake, akauliza ni ya saa gani, akaambiwa ni ya bastola ya mbio, akatikisa kichwa kwa starehe. Alifungua makopo mengi. Kiptoo alirudi na springi na skrubu moja ndogo kuliko punje ya mtama, zikiwa zimefungwa kwenye karatasi.

Skrubu hiyo ikamponyoka siku hiyo hiyo, ikaingia kwenye zulia. Alitambaa kwa magoti akimulika kwa simu, uso umegusa manyoya ya zulia, na huko chini, katika harufu ya udi na joto la alasiri, alijiona yuko Iten, amelala kifudifudi kando ya njia ya udongo mwekundu, anasikia nyayo za wenzake zikipita karibu na sikio lake, moja, moja, moja. Sijui alikaa hivyo muda gani. Kitu kilimgusa bega. Ulikuwa mguu wa kushoto wa mzee, umevuka kutoka kitini, na kidole gumba kikaelekea chini ya meza. Skrubu ilikuwa hapo, inang'aa.

Aliirudisha nyundo kinyume mara ya kwanza. Mzee akafumba macho. Akaitoa, akaigeuza, akakaza kila kitu polepole, akaifuta kwa ncha ya taulo. Kisha akavuta kifyatulio.

Ta.

Kidoko kidogo tu, safi. Na kutoka kwenye kile kiti, kwa sauti nzito iliyokaa na kutu kooni, ikatoka amri ambayo kila mtoto aliyesoma huku anaijua:

"Khudh makanak."

Shika nafasi yako. Kikombe kilianguka jikoni. Hadijah akaja mbio na unga mikononi, akasimama mlangoni, akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa pamoja. Mzee alitazama mbele, macho yakiwa mbali sana, akamalizia: "Ista'id." Jiwekeni tayari. Kisha akanyamaza, na hawakumpata tena siku hiyo.

Walidhani wamevuka, kwamba sasa mzee hatahamishwa. Dana alipofika wakamrukia na habari, akasikiliza amesimama, na badala ya kufurahi akaketi.

"Daktari alinieleza hili," alisema. "Wako wagonjwa wa namna yake wanaosoma sura nzima ya Qurani, wako wanaohesabu hadi mia. Ni mdomo unaokumbuka njia yake. Si kuongea, Kiptoo. Haniambii kitu." Alijaribu kutabasamu. "Mimi nataka aniite jina. Mara moja tu, basi."

Kiptoo alikufa moyo. Lilikuwa kweli: siku zilizofuata mzee alirudia amri zake mbili kila akisikia kile kidoko, kwa sauti ile ile, kama kengele, na hakumtazama mtu. Masanduku yakaanza kuonekana koridoni. Hadijah alikunja nguo za mzee huku amenuna, akizipiga kofi kila moja.

Ijumaa ya mwisho, baada ya sala ya alasiri, Dana alikuja akaketi uani na kahawa yake. Ua ulikuwa mrefu, umetandikwa vigae, kutoka kibarazani hadi kwenye geti. Kiptoo alimsukuma mzee hadi kibarazani, akamwekea bastola katika mkono wa kushoto. Hakuwa na mpango wowote wa maana. Alitaka tu, kabla hajaondoka, mwalimu yule aanzishe mbio moja, na awepo mtu wa kukimbia.

Akachota unga wa Hadijah, akachora mstari. Akavua viatu. Vigae vilikuwa bado na moto wa mchana, na nyayo zake zilikumbuka jambo ambalo yeye aliapa kulisahau.

Mkono wa mzee ulipanda, bastola ikatazama mbingu nyeupe.

"Khudh makanak."

Kiptoo akapiga goti, akaweka vidole nyuma ya unga.

"Ista'id."

Akainua nyonga. Kukawa kimya. Kidole cha mzee kilikuwa dhaifu, kilihitaji muda wake kuishinda ile springi mpya, na kimya kikazidi kurefuka, kikawa kile kile cha Nairobi, chenye mama na themosi ndani yake. Kiptoo alijiambia ngoja. Ngoja. Na mwili ule mjinga, baada ya miaka yote ile ya kufundishwa upole, ukaondoka.

Alikuwa amefika katikati ya ua alipotambua kwamba hakuna kilicholia. Aibu ilimshika mzima mzima, ile ile, haikuzeeka hata kidogo. Alitaka kuendelea tu hadi kwenye geti, atoke, asirudi.

"La!"

Sauti ilimpiga mgongoni.

"La! La! Irja', Kiptoo!"

Rudi. Alisimama palepale. Neno hilo halikuwa amri ya kukariri, maana lilikuwa na jina lake ndani, na lilikuwa limejaa hasira. Aligeuka. Mzee Khalfan alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti, shingo imesimama mishipa, bastola inamwelekea mkimbiaji kama kidole cha mwalimu, uso mwekundu wa mtu aliyeona sheria inavunjwa mbele yake mchana kweupe. Kisha akageuza kichwa, polepole, kuelekea kwenye kiti cha pili.

"Dana," alisema. Midomo ikatafuta, ikahangaika, ikapata. "Shiftih?"

Umemwona?

Kahawa ilikuwa imemwagika kwenye abaya ya Dana, na hakuitazama. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili mdomoni, na machozi yalipita kati ya vidole. Mzee alikuwa akimngoja ajibu. Shahidi wake siku zote alikuwa mmoja.

"Nimemwona, yuba," Dana alisema, akimwita baba kwa neno la utotoni. "Ametangulia. Nimemwona mimi mwenyewe."

Mzee akamtikisia kichwa Kiptoo, bado amekasirika.

"Lakini hatolewi," Dana akasema. "Haendi popote huyu. Arudi kwenye mstari."

Kiptoo alirudi. Unga ulikuwa umepeperuka kidogo, akauona mstari kwa shida kwa sababu ya macho yake. Akapiga goti, akaweka vidole chini, akainua nyonga. Mkono wa mzee ukapanda. Kimya kikaja, kirefu kuliko cha kwanza, na safari hii Kiptoo alikaa ndani yake, akangoja mpaka chuma kikagonga chuma.